Begi la Kukulia

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu ameitwa kazini. Narudia ili daftari lielewe: binti yangu wa kwanza ameitwa na ile maabara ya nyuma ya soko, akajaribiwe kazi ya kuzungusha sampuli za damu kwa pikipiki. Kutoka zahanati hadi maabara, kutoka maabara hadi hospitali. Kuwatangazia majirani nilianza na nyumba ya mwisho, ili nirudi nikisema njia nzima.

Ila nafasi ni moja na wameitwa wawili. Wa pili ni mtoto wa wifi yangu. Tunamwita Taratibu kwa jinsi anavyoendesha. Kuku humpita. Wifi anasema hiyo ndiyo sifa ya kubeba damu. Nimemwambia damu nayo huganda, wifi.

Jaribio ni Jumamosi saa tatu asubuhi, uwanja wa maabara. Sampuli zenyewe hukaa kwenye sanduku la baridi lililofungwa nyuma ya kiti. Lakini fomu, majibu, glavu na koti la mvua huenda mgongoni, na kila dereva aje na begi lake. Msimamizi amewaambia atakagua begi kabla ya kumkagua mtu. Eti mwaka jana dereva wao mmoja aliangushwa na begi, si na pikipiki. Begi baya, unarudi nyumbani hujawasha hata injini.

Nimemwambia mwanangu suala la begi aniachie mimi. Miaka ishirini na sita niko kwenye cherehani. Nimeshona sare za watoto ambao leo wananiletea watoto wao. Darasa la saba nilimaliza, na hesabu ya vipimo haijawahi kunishinda. Akasema, mama, nitachagua mwenyewe, mimi ndiye mvaaji. Nikamuuliza nani alimchagulia viatu vya kuanzia shule. Akasema vile viatu vilimtosha darasa la nne.

Ndiyo maana yake. Vilidumu.

Jumanne, 4 Juni

Sokoni mapema, kabla jua halijachangamka. Nimegusa kila begi. Muuza mabegi akaniuliza mvaaji ana urefu gani. Nikamwambia bado anakua. Akauliza ana miaka mingapi. Nikasema ishirini na minne. Akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

Nimechagua kubwa kuliko yote. La kijani, la wapanda milima, mifuko kumi na mmoja, mikanda mirefu ajabu. Mtu akiniuliza kwa nini kubwa, jibu ninalo. Kitu kinachokutosha leo, kesho kinakubana, kesho kutwa unakigawa. Watoto wangu wote wanne nimewavika hivyo na hakuna aliyewahi kutembea uchi. Atalikulia.

Nani nikakutana naye hapo hapo? Wifi. Anamnunulia Taratibu kibegi chembamba, kifupi, kimelala bapa kama kitabu. Nikamuuliza kama mtoto anaenda kazini au chekechea. Akaangalia langu, akauliza kama binti anaenda kazini au anahama nyumba. Tukaagana kwa heshima.

Nyumbani tukajaribu. Mwanangu alivaa helmeti, akakaa kwenye mkono wa kochi kama yuko juu ya pikipiki. Begi nalo likakaa. Kitako chake kilifika kwenye kochi, likajisukuma juu, mikanda ikasimama wima mabegani bila kumgusa. Alipotaka kutazama mbele, helmeti ikagonga kichwa cha begi, uso ukainama. Akawa anaona magoti yake tu, kama bibi harusi.

Baba watoto, bila kuondoa macho kwenye gazeti, alisema begi limevaa mtoto. Chai yake ya jioni ilikuja bila sukari.

Jumatano, 5 Juni

Mwanangu amekataa katakata kuendesha nalo mgongoni. Sawa. Asiyefanya hufanyiwa. Nimelivaa mwenyewe nikaenda karakana ya fundi pikipiki, yule mzee mwenye ndevu za grisi, nikamwomba anizungushe uani nikiwa nyuma yake, nione begi linavyokwenda na upepo.

Fundi aliniangalia, akaliangalia begi, akaniambia mama, kwanza vaa helmeti. Nikavaa. Halafu akaniambia ncha za mikanda zinaning'inia, nizikate au nizikunje. Nikamwambia hizo nimeziacha makusudi, ni za kukulia. Akauliza nani anakulia nini. Nikamwambia awashe.

Tumekwenda labda hatua thelathini, mwendo wa Taratibu. Mara nikahisi mtu ananivuta bega la kulia kuelekea chini. Nikageuka kumkemea. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa ncha ya mkanda, imeingia kwenye gurudumu, inasokotwa. Fundi alishika breki nikiwa nimekwishaanza kuangalia mawingu. Nilibaki nimefungwa pale kama mbuzi wa mnada, mgongo umepinda, hadi alipoleta kisu akaukata mkanda.

Nilidhani atacheka. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia kwamba tungekuwa barabarani, mwendo wa kazi, angekuwa anakata kitu kingine. Kisha akaanza somo, huku akiokota nyuzi kwenye spoku moja moja. Begi la pikipiki lisiguse kiti. Mabega yote mawili, hakuna cha kutundika upande mmoja. Akasimama kuifuta miwani. Kitu kizito kikae chini, karibu na mgongo, maana kikikaa juu kinakuvuta nyuma kila ukiongeza mwendo. Kitu kigumu kisiingie kabisa, kwa sababu ukianguka, hicho ndicho kitakachoupokea uti wa mgongo. Na lazima ugeuze shingo uone nyuma ya bega lako.

Nikamwambia hayo yote nayajua.

Akasema basi, mama, kumbuka hili moja: begi mgongoni ni kama mtoto mgongoni. Likilegea, linaendesha lenyewe.

Hapo nilivua helmeti. Si kwa sababu alinishinda. Nimebeba watoto wanne mgongoni huku mguu mmoja unakanyaga cherehani. Hakuna wa kunifundisha mimi kufunga kitu mgongoni kisiteleze.

Na hapo hapo nikapata wazo.

(Mwanangu nimemwambia mkanda niliukata mwenyewe kwa ajili ya usalama.)

Alhamisi, 6 Juni

Nimefungua sanduku la chini na kuitoa mbeleko. Ile ya kwanza, ya kahawia, iliyombeba yeye kabla ya wadogo zake. Imechakaa kingo lakini katikati ni imara kama siku ya kwanza. Nilikaa nayo mapajani kidogo. Nilikuwa natafuta mkasi, ndiyo maana.

Halafu nimekata. Vipande viwili, kila kimoja tabaka nne, nimevishona kwa uzi wa viatu, mishono ya kwenda na kurudi. Kifungo nimekitoa kwenye begi la zamani la shule, kile cha plastiki kinacholia ta. Mkanda wa kifua. Unaunganisha mikanda ya mabega mbele, begi haliendi kushoto wala kulia.

Mwanangu alivaa, akafunga, ta, akazungusha mabega. Begi lilitulia. Akaupapasa ule mkanda kwa kidole gumba. Akaujua. Akasema mkanda ni mzuri sana, mama. Shida ni begi.

Nilisikia nusu ya kwanza.

Kwa moyo mkunjufu nikaanza kulijaza, maana begi tupu ni aibu. Spana tatu. Tochi. Chupa ya chai, ya chuma, maana kazini kuna baridi. Mwavuli. Kufuli. Blanketi jepesi. Pasi ndogo, asije akafika kwa daktari na shati la mikunjo. Mifuko kumi na mmoja yote ikapata kazi. Nikamwambia avae.

Alivaa. Akasimama. Akaniangalia usoni, kisha taratibu sana akaanza kwenda nyuma, macho bado kwangu, hadi akalala chali kitandani, mikono na miguu hewani kama kobe aliyepinduliwa. Pasi ilimgusa mgongo. Nilisikia alivyovuta pumzi.

Baba watoto alitokea mlangoni. Akasema mtoto naye amekua, tazama miguu ilivyopanda juu.

Kesho hakuna sukari tena.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesalitiwa.

Nilikuwa nafagia tu chumba cha mwanangu. Fagio likaingia hadi ndani ya kabati, chini ya mashuka. Nikakuta nini? Kibegi. Chembamba, kifupi, kimelala bapa kama kitabu. Pacha wa kile cha Taratibu, isipokuwa hiki kina utepe unaong'aa mgongoni.

Kumbe, kwa risiti iliyomo ndani, amenunua toka Jumatatu. Ananiacha nahangaika na soko, na gurudumu, na mbeleko yangu ya kwanza, mwenzangu ana lake kabatini.

Nilikaa kitandani. Nikalivaa. Lilinitosha vizuri, nalo hilo liliniudhi zaidi. Zipu yake ina kifuniko cha mvua. Ndani kuna nafasi ya fomu na koti la mvua, basi. Akipandishwa cheo mwezi ujao ataweka wapi vitu vya cheo?

Yeye alikuwa kwa fundi, anakagua breki. Nilikuwa na saa mbili. Mwanamke mwenye cherehani na saa mbili hashindwi na jambo.

Kwanza nimehamisha mkanda wa kifua kutoka begi la kijani. Huo ni haki yake. Kisha nimefumua pembeni, kulia na kushoto, nikaingiza marinda. Marinda matatu kila upande, kitambaa cha sare za bluu, yamelala ndani. Kwa nje huoni kitu. Ukivuta, begi linakuwa mara mbili. Kazi safi. Atakwenda na kibegi chake akidhani ni kilekile, na siku akihitaji nafasi, nafasi ipo. Hata hatajua ni nani wa kumshukuru.

Nimekirudisha chini ya mashuka. Fagio nalo nimelirudisha.

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika kwa mpangilio, maana mambo yalikuwa mengi.

Mwanangu alitangulia na pikipiki, kibegi mgongoni. Aliuona mkanda wa mbeleko, akanitazama, akafunga, ta. Mimi na wifi tulifuata kwa miguu. Wifi alinisifu kwa kuzaa mtoto mwenye akili, anayejua kuchagua begi bila mama. Nikamwambia tutaona.

Tulimkuta langoni mwa maabara, amekaa juu ya jiwe, kibegi mapajani, zimebaki dakika ishirini. Njiani upepo uliingia kwenye marinda. Yalifunguka yote sita. Anasema alidhani kuna mtu amepanda nyuma yake na kumshika kwa nguvu, pikipiki ikaanza kuyumba mbele ya gari la maji, akajitupa pembeni ya barabara na kusimama.

Angenigombeza ningejua pa kushika. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama nataka apate kazi hii au nataka abaki mtoto.

Nikasema vyote viwili.

Hakucheka. Akanyoosha mkono, akaomba sindano. Mimi sitoki nyumbani bila sindano kwenye ukosi na uzi uliozungushwa humo humo. Nikataka kushona mimi. Akasema hapana, mama. Akashona mwenyewe, mishono mirefu kama meno ya mamba, akayafunga marinda yangu yote, upande huu na ule. Mikono yangu haikujua ikae wapi. Nikamshikia helmeti.

Alipomaliza akaushika mkanda wa kifua, akachomeka ncha ya sindano kwenye mshono wa kwanza ili aufumue nao. Nikaangalia pembeni. Nilipogeuka tena, sindano ilikuwa imerudi kwangu na mkanda ulikuwa mahali pake.

Msimamizi ni mama mfupi mwenye miwani, hana maneno. Amepanga ndoo uwanjani, unapita katikati yake, unageuza shingo kulia na kushoto akipiga filimbi, mwisho unashika breki ghafla. Begi kalijaza makaratasi ya uzito sawa kwa wote wawili.

Taratibu alianza. Begi lake lilikuwa zuri, nasema ukweli. Lakini alilivaa kama vijana wanavyovaa, limeshuka hadi makalioni, mikanda inacheza. Msimamizi alimwambia akaze yote miwili. Akaitikia vizuri, akakaza mmoja. Ndoo ya kwanza salama. Ya pili salama. Ya tatu, yeye alikata kulia, begi likakata kushoto, naye akalifuata. Alianguka kama anavyoendesha, polepole, kila mtu akapata muda wa kushangaa. Pikipiki ililala, yeye akainuka akasimama pembeni yake kama mtu aliyepanga iwe hivyo. Ndoo ndiyo iliyopiga kelele.

Nilifika kwake kabla ya wifi. Nikampangusa vumbi, nikamgeuza nione kiwiko. Mkwaruzo tu. Mtoto ni wa wote. Wifi alikuja ameshika kichwa, nami nikamshika mkono, na sikusema neno. Neno lilikuwepo, lakini sikulisema.

Kisha mwanangu. Msimamizi alilivuta begi kwa nyuma kama anayejaribu jino. Halikutikisika. Akamwambia ageuze shingo, helmeti ikazunguka bila shida, haikugonga kitu. Akaangalia ncha za mikanda, zote zimekunjwa na kufungwa kwa raba. Hilo mimi sikumfundisha. Nadhani sikumfundisha.

Alipita ndoo zote nane. Filimbi ya kulia, shingo ikaenda. Filimbi ya kushoto, ikaenda. Nilikuwa nimeshika mkono wa wifi hadi akanikumbusha kwamba vidole ni vyake. Breki ya ghafla. Pikipiki ilisimama, mwanangu alisimama, na begi lilisimama pamoja naye, halikumpanda shingoni. Pale kifuani, kile kitambaa cha kahawia kilikuwa kimemshika kama zamani.

Kapata. Anaanza Jumatatu.

Msimamizi akauliza, kwa sauti ya watu wote kusikia, nani ameshona mkanda huu wa kifua. Nilisimama kabla swali halijaisha. Akauliza na haya marinda yaliyofungwa pembeni, nani aliyashona?

Nikakaa.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kwanza ya kazi. Ameondoka saa kumi na mbili na nusu, begi limekaa, ncha zimefungwa. Nilimsindikiza hadi mwisho wa njia na kusimama hapo hadi sauti ya pikipiki ikaisha. Majirani walinikuta nimesimama, ikabidi niwaeleze tena.

Saa nne nani akaingia kwenye kibanda changu cha kushonea? Msimamizi mwenyewe, na miwani yake. Amevutiwa na mkanda. Anataka mikanda kama ile kwa madereva wote saba. Si hivyo tu. Anataka niwashonee makoti ya kazi, saba, yenye utepe unaong'aa mbele na nyuma.

Nilimwambia kwa utulivu kwamba nitaangalia kama nina nafasi. Alipotoka nilizunguka cherehani mara mbili.

Ameniachia karatasi ya vipimo, kila dereva na jina lake, umri, kifua, bega, mkono. Akasisitiza koti la pikipiki likae mwilini. Likiwa kubwa, upepo unaingia, linavimba, linamyumbisha mtu na kufunika taa ya nyuma. Nikamwambia mama, kuhusu upepo na mimi usinifundishe, yaliyotukuta tunayajua.

Jioni mwanangu aliisoma karatasi, akaniambia mama, vipimo vilivyoandikwa, si zaidi. Nikaapa. Nimejifunza, nikamwambia. Binadamu asiyejifunza ni gogo. Nimeibandika karatasi ukutani, mbele ya macho yangu, niione kila ninapoinua kichwa.

Jumatano, 12 Juni

Nimekata makoti yote saba leo. Kitambaa kizuri, mkasi mpya, mkono umetulia. Wifi alikuja kunisaidia kubandika utepe, tukacheka hadi machozi kuhusu ile ndoo ya tatu.

Karatasi nimeifuata neno kwa neno. Kifua kama kilivyoandikwa, bega kama lilivyoandikwa, mkono kama ulivyoandikwa, kisha juu ya kila kimoja nikaongeza inchi nne.

Wifi aliuliza kwa nini. Nikamwonyesha majina. Hawa ni vijana, nikamwambia, kazi yenyewe ndiyo kwanza imewanogea. Akasoma karatasi, akasema wifi, huyu wa mwisho ana miaka hamsini na mmoja.

Sawa. Watayakulia.